Tangazo la Kifo cha Calvince

Ukifiwa na mwanao, utakubali nani akuchagulie maneno ya kumtangaza?

Kwa miaka mingi Ajwang amesoma matangazo ya vifo katika redio yetu ya Kijaluo hapa Kisumu, na hakuwahi kubadilisha maneno ya mfiwa. Jumatano alikuja Mama Calvince kutoka Ahero.

"Sema mwanangu alipigwa na polisi akafia seli," alimwambia.

Meneja wetu wa redio akakataa. "Ajwang, sheria ya habari za uongo itatufunga sote. Sema aliugua ghafla."

"Aliugua nini, Bwana? Rungu?" Ajwang akamuuliza.

Meneja hakucheka. Tuliambiwa sheria hiyo itazima uongo, na jioni ile ilitulazimisha kuutangaza. Ajwang alisoma kwamba Calvince aliugua ghafla. Nilikuwa mitamboni, nikamwona akiinuka bila kuwaaga wasikilizaji.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa Ahero. Mama Calvince alipita sokoni juu ya bodaboda, kipaza sauti mkononi, akitangaza kwa maneno yake mwenyewe jinsi mwanawe alivyokufa. Wauza mchele walizima redio, Ajwang akiwa katikati ya matangazo, ili wamsikie mama huyo.