Mluzi Nje ya Ua wa Minyaa

Nilipokuwa mtoto pale Kisian, nilisikia mluzi ambao mpaka leo sijui ulitoka kinywani mwa nani. Haukuwa usiku. Ilikuwa alasiri, jua bado kali, Mama akimenya viazi na mimi nikimbembeleza mdogo wangu Ochieng' apate usingizi. Mluzi ukaja kutoka nje ya ua wa minyaa, upande wa barabara: sauti fupi fupi, kisha moja ndefu inayopanda mwishoni. Ndivyo Baba alivyopiga kila alipokuja likizo. Na Baba wakati huo alikuwa amepotea mtoni, kaskazini huko, tangu mvua kubwa.

Baba alikuwa mwanajeshi. Miaka yangu ya kwanza tuliishi kambini, ukuta kwa ukuta na familia ya Koplo Wafula. Baadaye, katika miaka ya themanini, Mama alirudi Kisian kujenga boma karibu na Dani, mama yake Baba, naye Mama Nanjala, mke wa Koplo, akapanga chumba mjini, mtaa wa Obunga, akawa anakaanga samaki wa kuuza. Urafiki wa kambini haukuisha. Jumamosi Mama Nanjala alikuja na wanawe, nasi tukaongea Kiswahili chetu cha kambi, mpaka Dani akatuita watoto wa serikali.

Baba na Koplo hawakupewa likizo pamoja. Aliyekuja alibeba vifurushi vya mwenzake, na kwa siku zile alikuwa baba wa watoto wote. Tulipigania kung'arisha buti zake. Tulitumbukiza kwenye chai biskuti za jeshi, ngumu kama vigae, na mshindi alikuwa yule ambaye yake ilichelewa kulainika. Nyama ya kopo ilipikwa na sukuma wiki, makopo yakawa vikombe. Kisha likaja gwaride. Tulijipanga uani kwa urefu, Dani akiketi kitini na kiko chake, akipokea saluti. Alisema jeshi hili linakula sana kuliko linavyopigana. Mama alicheka mpaka akashika ubao wa mlango. Nikitaka kumkumbuka Mama akiwa na furaha, ndivyo ninavyomkumbuka.

Halafu wakaja watu wawili wenye sare, wakaketi kwenye ncha za viti, wakatueleza kwa upole kwamba lori lilisombwa na mafuriko likivuka mto. Wengine waliokolewa. Baba alikuwa hajapatikana. Chai yao ilipoa bila kuguswa.

Kwetu mtu akipotea na mwili usionekane, ndugu huzika badala yake tunda la mwegea, lile tunaloliita yago: refu, zito kama mtoto mchanga. Yago likishazikwa, mtu huyo amekufa, hata kama anapumua mahali fulani. Akitokea siku moja langoni, hapokelewi tena kama mwenye boma. Kwa hiyo hakuna anayekimbilia kulizika. Dani mwenyewe alinyamaza miezi kadhaa. Naye alikuwa akisubiri.

Sasa nirudi kwenye mluzi. Dani alikuwa ametufundisha tangu tukiwa wadogo kwamba ukiitwa na usiyemwona, funga mdomo mpaka uone uso. Ukimjibu marehemu umemfungulia mlango. Mama aliyajua hayo kama tulivyoyajua sisi. Lakini alisimama, viazi vikamwagika kutoka mapajani, akasema kwa sauti ya kila siku, "Karibu, Baba Adhiambo. Ingia, maji ya kuoga yapo."

Mimi, huyo Adhiambo, nilikimbia mpaka kwenye pengo la ua. Barabara ilikuwa tupu. Mbali kidogo alikuwapo mwanamke na mzigo wa kuni kichwani, akienda zake.

Nilipogeuka, Dani alikuwa ameshatoka nyumbani kwake. Alimwita Mama kama alivyomwita siku zote, kwa jina la walikotoka watu wake, upande wa Awasi.

"Nyar Kano, umemjibu nani?"

Mama aliinama kuokota viazi.

"Umemkaribisha. Haya, sasa atakula nini hapa?"

Wiki ile Ochieng' alishikwa na homa. Zahanati walimpa dawa, homa ikashuka, ikarudi, na iliporudi akaacha kunyonya. Dani hakupiga kelele. Alimpakata mtoto mchana kutwa, akimpepea kwa kitambaa chenye maji, na alipozungumza alizungumza kama mtu aliyechoka. Alisema mwanawe hana pa kulala, ndiyo maana anatafuta wa kulala naye.

"Mlaze mume wako," alimwambia Mama, "la sivyo atamlaza huyu kando yake."

"Na kama yuko hai, Mama?"

"Mimi ndiye niliyemzaa. Unadhani ni wewe peke yako unayetaka awe hai?"

Hapo ndipo Koplo Wafula alipokuja likizo. Hakupiga mluzi, na hakubeba kifurushi chochote kutoka kwa Baba. Nanjala, binti yake, alijaribu kutupanga kwa gwaride. Tulipiga hatua chache, tukaacha, kila mmoja akatafuta pa kuketi. Mama alimpikia Koplo kuku. Baba Mkubwa, kaka yake Baba, alisubiri mpaka mgeni akanawa mikono ndipo akamwomba aseme alichokiona.

"Mzee, nilimwona akiingia majini akiwasukuma wenzake juu ya lori," Koplo alisema. "Sikumwona akitoka. Nikiongeza neno nitakuwa nadanganya."

"Anaogelea vizuri," Mama alisema. "Amekulia ziwani."

"Shemeji, yale hayakuwa maji ya kuogelea. Yalikuwa na mawe na miti ndani."

Mama alimtazama Mama Nanjala, nadhani akitafuta upande wa kuegemea. Mama Nanjala aliinamisha kichwa. Mumewe alikuwa ameketi pale, mzima, na sidhani alijua afanye nini na macho ya rafiki yake.

Nimesoma mengi tangu siku ile. Najua sasa kwamba watu wa nchi nyingi wamezika nguo, mawe, majeneza yenye hewa tu. Najua pia kwamba watoto wengi wa Kisian walikuwa wameuiga mluzi wa Baba, na huenda mchungaji fulani alipita akiupiga bila kujua anafanya nini. Huenda. Ochieng' alipona, na sasa ana watoto wake. Dani alisema ni yago lililomponya. Muuguzi alisema ni dawa ya pili, ile ya sindano. Vyote vilifanyika ndani ya siku chache zile zile, na sijampata mtu wa kunitenganishia. Baba hakurudi.

Zamani nilidhani Dani alimlazimisha Mama. Siamini hivyo tena. Walikuwa wanawake wawili wanaompenda mtu mmoja, mmoja akiwa na mjukuu mwenye homa mapajani, mwingine akijua kwamba matumaini ndiyo kitu pekee cha mumewe alichobaki nacho. Aliambiwa akitoe kile, na hapakuwa na mtu wa kumhakikishia kwamba kinatosha kumponya mtoto. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni, nikimwombea kila mtu ashinde.

Jioni ile ya ziara ya Koplo ikaamuliwa kwamba yago lizikwe, upande wa kulia wa nyumba, mahali pa mwenye boma. Baba Mkubwa na Koplo Wafula wangechimba alfajiri, na binamu zangu wawili wangeteremka kijitoni kulichuma. Ni kazi ya wanaume. Mama alisikiliza yote, akaitikia kwa kichwa.

Kulipokucha, shimo likiwa limefika kiunoni na binamu zangu wakinoa panga, Mama akaingia langoni kutoka kijitoni. Sketi yake ilikuwa imelowa umande. Yago alikuwa amelifunga mgongoni kwa leso, kama alivyombeba Ochieng'. Dani alifungua mdomo aseme neno kuhusu desturi, akaufunga. Baba Mkubwa alinyoosha mikono alipokee. Mama akampita, akateremka shimoni, akafungua leso, akalilaza mwenyewe.