Siku Mama Alipodhani ni Piko

Si kweli, mama, hawawezi kuniuliza kiwiko kwa Kizulu pale. Ile ni ofisi ya kuandikisha wapiga kura, siyo wahuni wa barabarani. Na hata wakiuliza najua: indololwane. Haya!

Nilimjibu hivyo saluni kwetu, katikati ya jiji la Johannesburg, nimeshika chanuo, mteja kakaa kati yetu kichwa nusu kimesukwa.

Mama ni Mtanzania. Marehemu baba alikuwa mkimbizi wa siasa wa hukuhuku Afrika Kusini, akamwoa Morogoro, wakaja wote. Mimi nimezaliwa hapa, kitambulisho ninacho, na mwaka ule wa 2018 nilikuwa nimetimiza kumi na tisa. Lakini zamani, wageni walipokuwa wanapigwa, vijana walimsimamisha mama stendi ya teksi wakamwambia ataje kiwiko kwa Kizulu, wajue kama ni mgeni. Analijua neno, ila siku hiyo likampotea. Muuza mahindi ndiye aliyemwokoa. Tangu hapo hataki jina la mtu wa nyumbani kwetu liingie kwenye orodha yoyote.

Sasa yule mteja alikuwa Mmeksiko, anafundisha Kihispania mtaa wa Braamfontein. Jumapili kwao walikuwa wamemchagua rais, na Jumatatu hiyo, saa kumi jioni, timu yao inacheza na Brazil Kombe la Dunia. Unadhani alitulia? Wiki mbili nyuma, walipowafunga mabingwa watetezi, alikuwa kwenye kiti hichohicho, akaruka, tukafumua mistari mitatu. Mimi nilikuwa nampenda kwa hilo. Akatusimulia uwanja mkuu wa mji wao ulivyofurika watu wanaimba, maana aliyeshinda alishashindwa mara mbili.

Akatuonyesha simu: picha ya mama yake, bibi wa mvi, kainua dole gumba jeusi.

Mama akaivuta simu karibu. "Masikini! Kumbe mama yake naye msusi? Mwambie piko halipakwi bila glavu, litamtafuna ngozi."

Nikamtafsiria. Alicheka mpaka machozi. "Ni wino wa kura! Kasimama juani masaa manne."

"Masaa manne? Na magoti ya uzee?"

"Alibeba kiti chake."

"Alibeba kiti!" Mama akanigeukia kama mimi ndiye niliyemficha. "Na zile mara mbili walizoshindwa?"

"Alienda. Alirudi nyumbani analia, halafu safari hii akaenda tena."

Mama akachukua fungu la rasta, akaendelea kusuka. Mimi nilikuwa nachemka. Nilitaka kusema, unaona? unaona? Nikajizuia, na kujizuia siwezi, muulize yeyote.

Mechi tukaitazama kwenye simu yake, Brazil wakawafunga. Mteja akaupiga mkono wa kiti, akalia kidogo, tukamalizia nywele zake.

"Pole dada," mama akamwambia kwa Kiingereza chake. "Lakini si mmepata rais?"

"Rais hafungi magoli!"

Tulicheka wote. Akaondoka na rasta zake mpya, anapeperusha kiskafu cha kijani barabarani, magari yanampigia honi.

Mama akaanza kufagia. Alifagia mahali pamoja muda mrefu.

"Hao wa ofisini wanafungua saa ngapi?"

"Saa mbili!" Nilijibu haraka mno.

"Sijasema uende. Nimeuliza saa."

"Sawa, mama."

"Na hiyo kofia yako ya sufu unayojifunika mpaka macho. Mtu akienda ofisi ya serikali anavaa hivyo?"

Mwenzangu, ningemjibu angebadilisha mawazo. Nilikunja taulo zote, nikafunga dirisha, na nilipokuwa nazima ile pasi ya nywele nikaamua: kesho saa mbili kasorobo nitakuwa wa kwanza mlangoni pao, kitambulisho mkononi, kichwa wazi, na sitamuuliza mama mara ya pili.