Mguu Uliopumzishwa Kama Shamba

Hogo la plasta lilipotolewa kwenye mguu wa kushoto nilidhani nimeshapona. Kumbe mguu ulikuwa umekonda kama wa mtu mwingine, na goti halikunjiki. Nilikuwa nimeteleza nikipeleka ndama kunywa maji, huku kwetu Tumati, nikavunjika chini ya goti. Shule ilikuwa inafunguliwa baada ya wiki sita, na kutoka nyumbani ni mwendo wa saa nzima, kupanda na kushuka. Kama nisingeweza kutembea, ningerudia kidato cha tatu. Hilo ndilo lililoninyima raha.

Hospitali walitupa karatasi ya mazoezi. Baba akaikunja, akaiweka juu ya kabati.

"Kitu kikichoka kinapumzishwa," alisema.

Nyuma ya nyumba ana kipande cha shamba ambacho mwaka jana hakukipanda. Alimwaga samadi, akakiacha kijirudie. Aliamini mguu nao ni hivyohivyo. Sikubisha. Kusema kweli nilifurahi, maana mazoezi yangenitoa nje, na nje kuna watu wa kunitazama nikichechemea. Wiki mbili nzima nililetewa uji kitandani.

Siku ya kurudi hospitali, mtaalamu wa mazoezi, dada mmoja aliyehamia kwetu kutoka Tanga, alilishika goti langu akakunja uso.

"Mazoezi mnafanya?"

Nikaangalia sakafu. Baba akajibu, "Tunaupumzisha, daktari. Kama shamba."

"Baba yangu! Shamba likilala linapata nguvu, mguu ukilala unakauka. Huu unatakiwa ulimwe kila siku."

Wagonjwa kwenye benchi walicheka. Baba naye alicheka.

Kesho yake asubuhi alikuwa amenichongea fimbo. "Twende."

Nilidhani tunaenda barabarani, machozi yakanilenga. Lakini alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye lile shamba lake, ambapo mpita njia hawezi kukuona. Hakunieleza kwa nini amechagua pale. Na mimi, kwa aibu zangu, sikumwambia asante. Naiandika hapa.

Siku ya kwanza nilivuka matuta matatu, nikakaa chini nikalia. Yeye alisimama tu, akangoja.

"Mvua zikianza naingiza ng'ombe wa plau humu," alisema. "Uwe umeshavuka, la sivyo nitakulima na wewe."

Kila asubuhi nikimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba, kisha akauliza, "Na huyo wa kushoto, ameamkaje?" Baada ya matuta matatu yakaja saba, halafu nusu ya shamba. Wiki ya mwisho nilifika mpaka kwenye uzio wa minyaa kule mwisho, nikageuka, nikarudi bila kukaa.

Mvua ikanyesha. Plau ilipopita, udongo ulitoka mweusi, laini. Baba aliuponda kiganjani.

"Hili lilitaka kulala, wewe ulitaka kazi," alisema. "Nimepata moja, nimekosa moja. Shuleni kwenu hiyo ni ngapi?"

"Hamsini, baba."

"Si nimefaulu?"

"Umefaulu, baba."

Jumatatu nilitoka na fimbo yangu, nikashika barabara. Watu walinitazama kweli, kama nilivyoogopa, na wengine walisimama kunipa pole. Niliwaitikia wote. Nilifika nimechelewa, viatu vimejaa tope, nikakaa kwenye dawati langu la kidato cha tatu.