Kurasa Arobaini za Mbele

Karani wa masjala alikuwa na miaka tisa ndani ya kitabu kimoja, na mlango wa kutokea hajauona. Kazini kwake, ndugu zangu, karatasi haitupwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, unatia saini na tarehe, na kosa linabaki palepale lisomwe na kila atakayekuja. Basi riwaya yake nayo akaifanyia hivyohivyo. "Alisikitika" ikawa "alihuzunika", saini, tarehe. Mwaka uliofuata ikarudi kuwa "alisikitika", saini, tarehe. Nyumbani walishaizoea riwaya ile kama mgonjwa wa siku nyingi.

Mhariri alikuwa ameirudisha mara mbili. Safari hii akaandika kwamba ataisoma kwa mara ya mwisho, mradi imfikie Jumatatu. Roho mkononi, Jumamosi asubuhi karani akaipeleka kwa shangazi yake, mwalimu mstaafu aliyekwishatoa vitabu vinne.

Shangazi alisoma hadi adhuhuri, miguu juu ya stuli. Karani alimwekea kalamu tatu. Shangazi hakugusa hata moja, na hilo lilimkosesha karani raha. Alipomaliza, akaligawa bunda mafungu mawili.

"Hadithi yako inaanzia hapa, ukurasa wa arobaini na moja."

"Na hizi za mbele, shangazi?"

"Za mbele ulikuwa unapasha misuli, baba."

Za mbele zilikuwa za marehemu mama yake: mama akishona sare za shule, mama akiwatania wateja wanene, mama kitandani. Karani akajitetea kwamba amezisafisha mpaka hazina doa. Shangazi akasema hilo ndilo tatizo lenyewe, anasugua chumba kimoja huku nyumba inamporomokea. Hata yeye, kitabu chake cha kwanza alihangaika na maneno miaka mitano. Siku hizi husoma kote kwanza, akauliza nani anataka nini humu. Kisichojibu kinatoka, maneno yatasubiri.

"Alikuwa wifi yangu," akamalizia. "Ukurasa wa kumi na mbili nimelia. Toa."

Jumapili kutwa karani aliganda mezani. Akizirudisha kurasa zile, kitabu hakisogei; akizitoa, anamwona mama akisukumwa nje. Alisoma kuanzia arobaini na moja mara tatu, akitafuta mahali pa kusema hapa bila mama hapaeleweki. Hakupata. Hadithi ilikwenda zake, wala haikugeuka nyuma. Mkewe alimsihi ale. Hakula.

Jumatatu, kwenye dirisha la mapokezi la mchapishaji, alisimama na mafungu mawili, moja kila kwapa. Katibu akapokea lililoanzia arobaini na moja, akanyoosha mkono kwa la pili.

"Na hizo?"

Karani akazibana. Foleni nyuma yake ikaanza kuguna.

"Hizi si za kitabu."

Katibu akagonga muhuri, akaita anayefuata. Karani akabaki pembeni ya dirisha, kurasa arobaini kifuani, hajui azipeleke wapi.