Kompyuta ya Mchungaji Ilinuka Chang'aa

Ningenyamaza vipi, Atieno? Wewe unasema ningekaa tu kwa benchi ya kwaya nifunike uso na kitabu cha nyimbo mpaka ibada iishe, lakini hukuwa pale, ulikuwa Dunga kwa shangazi yako unaanika omena, kwa hivyo wacha nikuambie yote halafu ndio ucheke, maana mtaa wetu wote wa Migosi unanicheka na wewe huwezi kubaki nyuma.

Si unajua Mchungaji wetu aliletewa laptop na wageni, ile kompyuta ya kukunja kama Biblia, anaandika mahubiri ndani na kuyasomea hapo hapo mimbarini? Alhamisi ikakufa. Ukiweka waya ya stima, kimya, hata kile kitaa kidogo hakiwaki. Akaileta kwa karakana ya Bwana Ouma, fundi mwenye ananifundisha kazi tangu nimalize fomu ya nne, akasema anaitaka Jumamosi jioni kwa sababu mahubiri ya Jumapili iko ndani. Lakini Jumamosi Bwana Ouma alikuwa na matanga Pap Onditi, na kabla aende akaniambia hiyo laptop nisiiguse, atarudi Jumatatu azungumze na Mchungaji mwenyewe. (Mimi na kuambiwa nisiguse kitu, wewe unanijua.)

Nikaifungua. Adapta nikaipima na mita, iko sawa. Nikapima pale stima inaingia kwa bodi, mita ikalia piii, maana yake kuna shoti, stima inaingia na kupotelea chini kabla haijafanya kazi yoyote. Sasa shoti iko wapi? Hiyo bodi ina vidude vingi kama punje za mchele na vyote vimeshikana, popote unapogusa mita inalia. Bwana Ouma ana njia yake: unaingiza stima kidogo sana, unapaka spiriti na brashi juu ya bodi, halafu unaangalia tu. Kidude kibovu kinapata moto, kwa hivyo spiriti inakauka hapo kwanza. Shida ni kwamba chupa ya spiriti ilikuwa imeisha, kemisti ya karibu imefungwa, ya mjini ni mwendo, na Mchungaji anakuja saa kumi na moja.

Nikajiuliza, spiriti si ni pombe tu? Na pombe kali inauzwa nyumba ya tatu nyuma ya karakana.

Basi nikanunua chang'aa, chupa ndogo ya soda, nikaificha kwa kikapu chini ya sukuma wiki, nikarudi nikapaka (sawa, nikamwaga, brashi ilikuwa inanichelewesha). Na Atieno, ilifanya kazi. Doa moja likakauka mbele ya macho yangu, juu ya kidude cha manjano karibu na tundu la stima. Nikakitoa, nikapima, mita ikanyamaza. Nikaweka waya, kitaa kikawaka, nikacheza peke yangu mle ndani kama mwenda wazimu. Ningengoja ikauke yote, najua, lakini Mchungaji alikuwa ameshabisha mlango, nikafunga skrubu mbio mbio na chang'aa bado imelala chini ya kibodi. Yeye hakusikia harufu, karakana siku zote inanuka vitu, na hiyo jioni stima ikapotea Migosi na betri haikuwa na chaji, kwa hivyo hakuifungua mpaka kanisani.

Kanisani alianza kwa kunisimamisha. Akasema Mungu amempa msichana wa Migosi mikono ya fundi, watu wakapiga makofi, Baba yangu (ndiye alikuwa anapokea sadaka) akatabasamu mpaka nikaona jino la nyuma. Nikakaa. Laptop ikaanza kupata moto. Ile feni yake ndogo ikaanza kupuliza, na inapuliza mbele, kwa benchi ya wazee na Mama Mchungaji.

Sasa kumbuka Mchungaji alikuwa mlevi wa kujulikana kabla aokoke, yeye mwenyewe hutusimulia vile alilala kwa mtaro. Mama mmoja akanusa. Wa pili akanusa. Mzee wa kanisa akapanda mimbarini kama mtu anarekebisha maikrofoni, akasimama karibu na mdomo wa Mchungaji, akarudi akitingisha kichwa. Mchungaji haelewi, anatoa jasho tu, na kila akijipangusa anaonekana mlevi zaidi. Halafu Mama Mchungaji akachukua mkoba wake akasimama.

Hapo ndio nikasema, "Hiyo chang'aa ni yangu."

Mama mmoja nyuma akauliza, "Ya kwako, na inanuka kwa Mchungaji?"

"Niliimwaga ndani ya kompyuta. Ilikuwa inatafuta ugonjwa."

"Ikaupata?" Huyo ni yule mzee wa kunusa.

Nikasema ndiyo, imeupata, kwa sababu ni ukweli, na kanisa likaanguka na kicheko, na Baba akaweka kikapu cha sadaka chini akatoka nje.

Lakini kicheko ilikuwa afadhali. Mchana nikasikia Mama Mchungaji amefunga nguo zake, anasema mume wake amefundisha mtoto wa watu kudanganya ili amfichie ulevi, na wazee watakaa kesho jioni waamue kama ataendelea kuhubiri. Laptop inawaka vizuri sana, hakuna mtu anauliza hiyo.

Jioni Nyar Nyakach, yule mama aliniuzia hiyo chang'aa, akaja mlango wetu wa nyuma. Nilidhani amekuja kunigombeza, kumbe anacheka mpaka anashika ukuta. Halafu akaniambia, "Nyathina, mwanangu, huyo Mchungaji wenu alikunywa kwangu miaka mingi. Tangu aokoke, hata njia yangu hapiti, anazungukia kule kwa shule. Nani anajua ameacha kuliko mimi?"

Nikamuuliza kama anaweza kumwambia Mama Mchungaji hivyo. Akaacha kucheka.

"Mimi? Atanifungulia mlango?"

Nikamwambia nitabisha mimi.

Pombe sitaweka kwa bodi ya mtu tena, hiyo nimeapa. Lakini kesho asubuhi, kabla ya Baba kuamka, naenda kumchukua Nyar Nyakach, na hatupiti vichochoroni, tunapita barabara kubwa mbele ya kanisa, na mtu akiniuliza natembea na nani, nitasema ni shahidi wa Mchungaji.