Siku Kumi na Tisa za Kucheka

Kabla sijaugua, safari yangu ndefu ilikuwa kutoka nyumbani Mpendae mpaka kazini karibu na bandari, na kurudi. Nilikuwa karani wa ghala. Nikishafika nyumbani huvua viatu, hujifunga kikoi, hukaa barazani na kuwatania wapitao. Nilikuwa na mdomo. Mtu mnene nilimwuliza kama mlango wa nyumba yake bado mzima. Aliyefiwa na mbuzi nilimpa pole za mjane. Mke wangu, Zuwena, alikuwa akisema, "Iko siku mdomo huo utakuponza." Nami nikimjibu, "Ukiniponza utauona." Aliuona.

Mtani wangu mkubwa alikuwa Sudi, mchukuzi wa gari la punda. Babu yake Mzaramo, babu yangu Mnyamwezi, na baina ya makabila hayo mawili hakuna tusi linalochukiza. Mtani hukutukana ukiwa mzima, ukiwa mgonjwa, hata ukiwa jenezani, na huna ruhusa ya kununa.

Miaka michache baada ya Mapinduzi zilitangazwa mbio za watumishi kule Chwaka: maili kumi na tatu ukingoni mwa bahari, kwenda upande wa Uroa mpaka kwenye bendera, na kurudi. Kila ofisi ilete mtu. Nikasema barazani kwamba nilipokuwa skuli nilikuwa nikikimbia kama swala.

"Swala?" Sudi akasema. "Wewe hata ukienda chooni unapumzika njiani."

"Njoo Chwaka uone."

"Chwaka utakwenda kwa miguu. Kurudi utarudi umefunikwa."

Watu wakacheka. Asubuhi yake nikaandikisha jina langu. Hivyo ndivyo mtu mwenye cheti cha skuli alivyojitia kitanzini.

Raba nilinunua Darajani, na kwa kuwa napenda kusifiwa mguu mdogo, nikachukua nambari ndogo. Maji yalikuwa yamekupwa na mchanga mgumu kama sakafu. Maili nne za mwanzo nilikimbia. Ya tano nilijikokota. Ya sita nikavua raba, maana kucha mbili zilikwisha kuwa nyeusi. Karibu na bendera nikakanyaga kigingi cha uzio wa samaki kilichovunjikia mchangani. Kiliingia kisiginoni kina cha nusu kidole. Nikakichomoa. Damu haikutoka nyingi, na hilo ndilo lililonidanganya. Nilirudi nikichechemea njia nzima, na nilipofika, waliokuwa wakitupokea washakwenda kula. Kamba ya kumalizia mbio ilikuwa imefungiwa mbuzi.

Gari la abiria likatushusha Darajani, na Sudi alikuwapo. "Swala karudi," akasema, "na kwato moja pungufu." Akanipandisha garini mwake juu ya majani ya punda na samadi, mguu wazi. Nyumbani mama yangu, Bi Msiri, akabandika tumbaku iliyotafunwa, akafunga kitambaa. Kidonda kikafunga juu. Nikaona nimepona.

Siku ya nane nilitia mkate mdomoni nikashindwa kutafuna. Shingo nayo ngumu, kama nimelalia jiwe. Kufika adhuhuri meno yakaumana. Midomo ikavutwa huku na huku kuelekea masikioni, nyusi zikapanda, na uso ukasimama hapo hapo: nacheka. Ndani nilikuwa nalia.

"Athumani, acha upuuzi," Zuwena akasema. "Kula."

Nikatoa sauti ya puani.

"N'nasema nawe! Mtu mzima kunikenulia meno!"

Akatoka akamwita jirani aje aone mzaha wangu mpya. Jirani akacheka mpaka akashika ukuta. Zuwena naye akacheka. Nami nimekaa katikati yao, nimekenua, udenda unanitoka. Hakuna aliyenidhulumu. Miaka kumi nilikuwa nikiwafundisha wasiniamini.

Jioni kikombe kilianguka. Kwa mlio ule tu mgongo wangu ukajipinda kama upinde. Nikasimamia kisogo na visigino, tumbo juu. Pumzi ikakatika. Nikauma ulimi. Nikajikojolea. Na yote hayo nayafahamu, kwa sababu maradhi haya hayakupi hata hisani ya kuzimia. Hapo kicheko cha nyumba nzima kikaisha. Mama akasema, "Huyu kapandwa."

Kesho yake akaletwa fundi wa kupunga pepo, na ubani, na ngoma tatu. Fundi akapiga, nami nikajipinda. Akaacha, nikalegea. Akapiga, nikajipinda.

"Mnamwona?" akasema. "Anajibu."

Basi wakapiga zaidi ili pepo ataje jina lake. Kila pigo lilinishukia uti wa mgongo kama nyundo. Nilisikia mbavu zikilia. Mtu mmoja akapenyeza kijiko baina ya meno yangu nipate kusema. Jino la mbele likavunjika, nikalimeza. Fundi yule hakuwa mwongo. Alikuwa na ushahidi mbele ya macho yake, na ushahidi wenyewe ni mimi.

Siku ya pili ya ngoma Sudi akaja kunitukana, ndiyo haki yake.

"Mnyamwezi, ukifa zile raba nani atazivaa? Hazimwingii hata mtoto."

Akangoja nimjibu. Ngoma ikalia, nikajipinda. Sudi akaacha kucheka. Akanishika taya, akalibonyeza. Akanifungua mguu, akakinusa kisigino.

"Wekeni chini ngoma hizo."

"Usiingilie," fundi akasema. "Pepo karibu aseme."

"Atasema nini? Punda wangu wa kwanza alikufa hivi hivi. Alichomwa na msumari kwatoni, akakakamaa mwili mzima, ukipiga makofi anaanguka. Hakuwa na pepo yule. Ila alikuwa na sura nzuri kuliko huyu."

Mama akapiga ukelele, nami nikajipinda tena. "Mwanangu unamfananisha na punda?"

"Bi Msiri, mie mtani wake. Nani mwengine atakwambia?"

Naam. Mtu mwengine angelisema vile angelitolewa nje. Mtani hatolewi.

Sudi akachana mto, akatoa sufi, akaniziba masikio. Kengele ya punda akaifunga kitambaa. Akanilaza garini, akanifunika gubigubi ili mwanga usinipige, na chini ya shuka ile nikayakumbuka maneno yake ya barazani. Kila shimo la barabara lilinivunja upya. Darajani muuza samaki alinadi kwa sauti kubwa. Nikajipinda mpaka mbao za gari zikalia na shuka ikanitoka usoni. Watu wakachungulia.

"Mbona maiti anacheka?" mmoja akauliza.

Hospitali daktari alinitazama uso mara moja tu. "Pepopunda," akasema taratibu. "Chumba cha giza. Asisemeshwe, asiguswe ovyo."

"Atapona?" Sudi akauliza.

"Wengi hawaponi."

Kisiginoni walitoa kipande cha kijiti, cheusi, kimeoza, urefu wake kama punje mbili za mpunga. Kwa hicho nilikuwa nakufa. Nikachomwa sindano, nikatiwa mpira puani wa kupitishia maziwa, madirisha yakafunikwa mablanketi. Manesi walitembea bila viatu.

Kitanda cha pili alilazwa mtoto mchanga, mtoto wa siku nane. Kitovu chake kilikuwa kimepakwa jivu na masizi, kwa nia njema kabisa. Maradhi yale yale. Mama yake alikaa sakafuni baina ya vitanda vyetu, hana la kufanya ila kututazama, mara mwanawe, mara mimi. Siku ya nne mtoto akakakamaa, hakulegea tena mpaka alipokufa.

Yule mama akafungua mdomo apige ukelele. Nesi akamziba kwa kiganja.

"Bi, nakuomba. Ukilia, utamwua yule." Akanionesha mimi kwa kidole.

Yule mama akajitia ncha ya kanga mdomoni, akaiuma. Akambeba mwanawe akatoka. Mlangoni akageuka, akanitazama. Sikuweza kufumba mdomo. Nilimkenulia.

Siku ya kumi na tisa tangu nishindwe kutafuna mkate, midomo yangu ikakutana. Zuwena aliniinamia, akaniambia, "Fumba tena nione." Nikafumba. Akalia kimya kimya, kwa adabu ya chumba kile. Nilijifunza kutembea kwa kushika kuta, nimekonda hata kikoi hakikai kiunoni. Sudi akanirudisha Mpendae kwa gari lile lile. Safari hii alilifagia kwanza, na hakusema lolote kuhusu swala mpaka nilipofika barazani.

Miezi mingi baadaye nilimwona yule mama Darajani, anauza ndimu. Nilimjua kwa mgongo wake, maana ndio niliokuwa nikiuona zaidi chumbani, kila alipomgeukia mwanawe. Nikamsogelea, nikaanza kumwambia mimi ni nani.

"Nshakujua," akasema. "Siku ile nilidhani unanicheka."

"Sikuweza ku..."

"Nesi alinambia. Najua. Lakini nikifumba macho simwoni mwanangu. Naona meno yako."

 Nikamshukuru kwa kule kunyamaza kwake siku ile.

"Usinishukuru mie," akasema, anazipanga ndimu zake. "Sasa unao mdomo. Kawaambie wajawazito."

Ndiyo maana mtu wa barazani kama mimi sasa nazunguka, mjini na shamba, na ndiyo maana naandika. Namshukuru Mungu, na daktari, na manesi waliovua viatu, na Sudi na punda zake wawili, hasa yule aliyekufa. Mama yule namshukuru kimya, kama alivyotaka. Kidonda kikiwa kidogo ndipo ukiogope: kioshe, usikibandike kitu, nenda ukachomwe sindano siku ile ile. Wembe wa kukatia kitovu uchemshwe, na kitovu kiachwe kama kilivyo, bila jivu, bila masizi. Na mgonjwa akikakamaa, usimpigie ngoma. Mpeleke, na mpeleke taratibu.

Wengine wakinisikiliza hunikodolea macho usoni, wanangoja mzaha uje. "Mbona leo huchekeshi, Athumani?" huniuliza.

Huwaambia nilikwisha kucheka, siku kumi na tisa mfululizo, na aliyeniona hajasahau.