Aliyefumba Macho Kasumulu

Anyisile wa Ngana alikuwa na jambo moja la kujivunia, na alijivunia mpaka watu wakachoka: hasahau sura. Miaka kumi na tano alipiga picha za papo hapo kwenye kibanda chake pale Kasumulu, mpakani na Malawi, karibu na daraja. Msafiri anaketi, mashine inamulika, karatasi inatoka, na sura inajitokeza taratibu huku mwenyewe akiitolea macho. Halafu filamu zikaadimika, zikaja kamera za kompyuta, zikaja simu, na leo kila mtu ana picha elfu moja na hana hata moja ya kushika mkononi. Anyisile alifunga kibanda akarudi kwenye mpunga wake, na hasira hazijamwisha.

Mwezi uliopita mjukuu wake Nancy, anayeolewa Mbeya, alimpigia simu. Eti picha zile zimerudi kuwa fasheni, anataka za zamani atundike ukumbini. Mzee alijifanya kununa, lakini simu ilipokatika tayari alikuwa amepanda darini.

Alishuka na kopo la maziwa ya unga lililojaa picha zilizoharibika: waliopepesa, waliogeuka, mmoja aliyepiga chafya. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo sheria ya kibanda ilikuwa kwamba picha mbovu haitupwi. Inaandikwa jina na tarehe pembeni ili Anyisile aione. Alikaa barazani akawa anacheka peke yake. Kisha akaacha kucheka.

Mwanamume aliyefumba macho. Kovu juu ya jicho la kushoto. Yakobo, mdogo wake! Na pembeni, kwa mwandiko wa Ezra, aliyekuwa msaidizi wake, jina lisilo la Yakobo: Lusungu, 17/3/1998.

Yakobo alizikwa tarehe kumi na tano ya mwezi uleule.

Wiki ile ndugu hao wawili waligombania shamba la kakao, na Anyisile akatamka neno ambalo mtu hamwambii ndugu yake: asimwone tena. Mto Songwe ulikuwa umefurika. Yakobo akatoweka, na siku nne baadaye maji yakatema maiti isiyotambulika sura, imevaa shati la kijani la sare ya kwaya aliyoimba Yakobo. Anyisile ndiye aliyesema, "Ni yeye." Kana kwamba kwaya nzima ilikuwa na mtu mmoja, na kitambaa kilekile hakikushonwa hata ng'ambo, Malawi! Mtu asiyesahau sura alimtambua mdogo wake kwa shati. Ng'ombe wawili wakachinjwa, kaburi likachimbwa migombani, na mama yao, Damaris, hulifagia kila asubuhi hadi leo.

Alimpigia Ezra, ambaye sasa anaishi Karonga.

"Ugonile, kaka!" Ezra alimsalimu.

"Ezra, mwaka wa mafuriko, nilipokuwa msibani, uliharibu picha ya mtu anaitwa Lusungu."

Ezra alicheka. "Hujanisamehe tu ile filamu? Haikuwa kosa langu, kaka. Nilikuwa na wiki moja tu hapo, simjui mtu. Alikuja anakuulizia wewe. Nikamwambia mwenyewe hayupo, kafiwa na mdogo wake, wamemzika juzi. Ndipo akafumba macho, na mimi kidole kimeshabonyeza. Nikarudia. Akachukua ile nzuri, akavuka."

"Hakusema kitu?"

"Aliuliza kama ulilia."

"Ukamjibuje?"

"Ningejuaje, kaka? Nilisema sijui."

Anyisile aliiweka simu chini. Alijisikia baridi, na jua lilikuwa la saa saba. Akaamua kuichoma ile picha kabla mama hajaiona, lakini Damaris alikuwa amekwisha kusimama nyuma yake, ameinama na miaka yake themanini na nane, anaitazama.

"Ni Yakobo huyo," alisema.

"Mama..." Alimgeukia. "Mama, tuliyemzika si yeye."

"Najua. Niliona miguu. Miguu ya mtoto niliyemzaa nisiijue?"

Anyisile alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. Miaka ishirini na sita!

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshasema wewe, mbele ya watu wote. Ulikuwa unagaragara chini unalia kwamba umemuua. Nikasema, atarudi mwenyewe amwondolee ndugu yake mzigo. Na yule tuliyemzika naye ana mama yake mahali fulani. Basi nikamtunza, nikangoja." Aliketi polepole kwenye mkeka. "Kwa hiyo alirudi. Alifika kibandani kwako?"

"Alifika. Nilikuwa huku, msibani."

"Akasemaje?"

Anyisile alishindwa kumtazama. "Aliuliza kama nililia."

Bibi Damaris aliipangusa picha kwa ncha ya kitenge, akaisogeza karibu na macho.

"Na mlimjibu?"